Kalkulasi, vekta au matrisi: hisabati ipi uisome kabla ya kuanza digrii ya fizikia

Tanzania mtihani wa kidato cha sita huisha Mei, matokeo hutoka Julai, vyuo hufunguliwa kuanzia mwishoni mwa Oktoba. Katikati hapo wapo wanaoitwa kwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), kuna kuhangaikia maombi ya chuo na ya mkopo, na kuna zile kazi za nyumbani ambazo kila ndugu anazikumbuka akishajua kwamba upo upo tu. Ukitoa hayo yote, mwenye bahati anabaki na wiki nane au kumi za kukaa na daftari. Wengine wanabaki na tatu.

Ukimuuliza aliyetangulia usome hisabati gani, atakutajia kila kitu: kalkulasi, aljebra ya matrisi, milinganyo difrenshali, namba changamano, uwezekano, uthibitisho, na siku hizi programu ya kompyuta. Hajakudanganya, maana kufikia mwaka wa tatu utakuwa umezitumia zote. Lakini mwenye wiki nane akizigusa zote ataingia chuo anazijua kwa majina. Lazima achague, na kuchagua kunataka kigezo.

Changu ni hiki. Chuoni hisabati na fizikia zinakwenda sambamba bila kusubiriana. Mwalimu wa umekanika anaweza kuandika integresheni ubaoni wiki ya pili, wakati mwenzake wa hisabati bado yuko kwenye limiti. Mwalimu wa umeme na usumaku anaweza kukuletea integresheni ya juu ya uso wa tufe kabla kalkulasi ya vigeu vingi haijafunguliwa kabisa. Hakuna anayekuonea, ratiba ndivyo zilivyo. Kwa hiyo kila mada iulizie mambo mawili: fizikia itaidai lini, na hisabati itanifundisha lini? Fizikia ikidai mapema na hisabati ikachelewa, weka wiki zako hapo. Hisabati ikiwahi kufika, achana nayo, utafundishwa na utatahiniwa hata ukitaka kukwepa.

Kuna kundi la tatu, nalo ndilo linalowapa watu sapu (mitihani ya kurudia) za mwaka wa kwanza: mambo ambayo hakuna atakayekufundisha tena kwa sababu kila mwalimu anaamini ulikuja nayo.

Mada mpya, au zile ulizokwisha kufaulu?

Nianze na kundi hilo. Wengi wanadhani kujiandaa ni kusoma mambo mapya, na kwa maoni yangu hapo ndipo wiki zinapopotea. Aljebra na trigonometria za sekondari hazirudiwi chuoni, ila zinatumika kwenye kila mstari. Sekondari ulizitumia ukiwa na namba mkononi. Chuoni utakwenda na herufi kuanzia mwanzo hadi jibu.

Chukua jiwe linalorushwa. Swali la sekondari linakupa kasi ya mita 20 kwa sekunde, pembe ya digrii 30 na uwanja tambarare. Unaingiza kwenye R = u² sin 2θ / g, unapata kama mita 35, unapiga mstari. Chuoni jiwe lile lile linarushwa kuelekea juu ya mlima wenye mwinuko wa pembe α, na unaulizwa ni pembe gani, ikipimwa kutoka mlalo, italifikisha mbali zaidi. Hakuna namba hata moja. Ukiandika milinganyo miwili ya mwendo, wa mlalo na wa wima, kisha ukauondoa muda, unafika hapa, R ikiwa umbali unaopimwa kwenye mteremko:

R = 2u² cos θ sin(θ − α) / (g cos² α)

Wengi wakifika hapo wanaanza difrensiesheni na kujaza ukurasa mzima. Anayezijua fomula zake za trigonometria anaona kwamba 2 cos θ sin(θ − α) ni sawa na sin(2θ − α) − sin α. Kipande cha pili hakina θ, hakisogei. Cha kwanza kinafika kileleni pale 2θ − α inapokuwa digrii 90. Basi θ = 45° + α/2. Jikague: mlima ukiondoka, α ni sifuri, na unarudi kwenye digrii 45 unazozijua tangu zamani. Mwinuko ukiwa digrii 30, rusha kwa 60. Kazi yote imeisha kwa mistari michache, na kalkulasi haikuguswa.

Mtu anayeweza kufanya hivyo bila kusitasita yuko tayari zaidi kuliko mwenzake aliyetazama video za matrisi miezi miwili. Na kasi hiyo haiji kwa kuelewa tu. Inakuja kwa kufanya maswali mpaka mkono uzoee, kama ulivyopiga pasti pepa, safari hii ukizifuta namba zote na kuweka herufi.

Humo humo weka radiani. Difrensiesheni ya sin x ni cos x pale tu x inapokuwa kwenye radiani. Pendulamu ndogo hutatuliwa kwa kusema sin θ ni karibu sawa na θ, na hiyo nayo ni kwa radiani. Digrii 10 ni radiani 0.1745, na sin yake ni 0.1736: tofauti ya nusu asilimia. Ndiyo sababu maabara wanakuambia usiivute pendulamu mbali. Kalkuleta iliyoachwa kwenye digrii imeharibu majibu mengi kuliko maswali magumu.

Logi pia, hasa logi asili, yaani ile ya e. Mwanafunzi anayejua kuigeuza y = A e^(−kt) kuwa mstari mnyoofu wa ln y dhidi ya t amebeba nusu ya ripoti za praktikali za mwaka wa kwanza.

Difrensiesheni au integresheni?

Kanuni za difrensiesheni ni chache na zinashikika ndani ya wiki mbili. Integresheni haina kanuni moja ya kufika kila mahali, ndiyo maana inaogopwa, na ndiyo maana waliotoka PCM (fizikia, kemia na hisabati) wanatamani wakae nayo likizo nzima wakifukuzana na maswali ya mbinu ngumu.

Ningewazuia hapo. Integresheni ya fizikia ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni nyepesi kuliko ile ya Advanced Mathematics. Kinachosumbua ni kuipata hiyo integresheni, kwa sababu swali halikuandikii alama yake. Linakupa kitu.

Mfano, fimbo yenye masi M na urefu L inazungushwa kwenye ncha yake moja, tafuta momenti ya inesha, yaani kipimo cha jinsi inavyogoma kuzungushwa. Lazima ukate fimbo kwa mawazo. Chukua kipande kifupi dx kilicho umbali x kutoka kwenye ncha. Masi yake ni (M/L) dx, kwa sababu masi imesambaa sawasawa. Mchango wake ni x² mara masi hiyo. Jumlisha vipande vyote kuanzia sifuri hadi L, unapata ML²/3. Tazama integresheni yenyewe: ni ya x². Mtoto wa kidato cha nne Kenya anaifanya. Ujuzi ulikuwa kwenye kukata.

Mwalimu wa hisabati hafundishi kukata, kwani huo si mtihani wake. Mwalimu wa fizikia hukata haraka ubaoni na kusonga mbele. Ni shimo la kweli, na linazibika kwa mazoezi ya wiki mbili: uga wa umeme wa waya wenye chaji, kazi ya kuvuta springi, kazi ya kunyonya maji kutoka kisimani hadi juu, kitovu cha masi cha pembetatu. Kila mara uandike kwanza kwa maneno kipande chako ni kipi, kiko wapi na kinachangia nini, ndipo uweke alama ya integresheni.

Kwa hiyo, kama umesoma Advanced Mathematics, difrensiesheni pitia juu juu na integresheni isome kwa namna hii ya kukata. Kama ulikuwa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) ukasoma BAM, yaani Basic Applied Mathematics, na sasa unaingia shahada yenye fizikia ndani, kama ualimu wa sayansi, anza na zote mbili tangu chini: kanuni ya mnyororo, integresheni kwa kubadilisha kigeu, integresheni kwa sehemu. Nyingine zitakuja zenyewe.

Vekta au matrisi?

Huu ndio mpambano ninaoulizwa zaidi, labda kwa sababu matrisi zimepata umaarufu kupitia watu wa kompyuta na akili mnemba. Kwa anayekwenda fizikia, vekta zinashinda, tena kwa mbali.

Kani ni vekta, mchapuko ni vekta, uga wa umeme na wa sumaku ni vekta. Nguvu ya kuzungusha ni zao la msalaba, yaani kuzidisha vekta mbili ukapata vekta ya tatu. Kani inayoisukuma chaji kwenye uga wa sumaku ni zao la msalaba. Kazi ni zao la nukta, ambalo hutoa namba tu. Yote hayo yatakuja muhula wa kwanza au wa pili, na mwalimu ataandika mishale kana kwamba ulizaliwa nayo.

Historia inaonyesha uzito wake. Maxwell alipotoa nadharia yake ya sumakuumeme mwaka 1865, aliiandika kwa milinganyo 20. Ni Oliver Heaviside, fundi wa telegrafu aliyeacha shule mapema, aliyeipanga upya kwa lugha ya vekta miaka ya 1880 mpaka ikabaki ile minne inayochapishwa leo kwenye fulana za wanafunzi. Fizikia haikubadilika, ila sasa mtu anaweza kuishika kichwani.

Matrisi nazo zina kisa chake, na kinafaa kwa mwenye wasiwasi. Mwaka 1925 Werner Heisenberg alivumbua namna mpya ya kukokotoa mambo ya atomu, ambamo kuzidisha A kwa B kulitoa jibu tofauti na B kwa A. Jambo hilo lilimsumbua. Max Born ndiye aliyelitazama akatambua kwamba zile ni matrisi, alizofundishwa zamani akiwa mwanafunzi. Heisenberg alikuwa amefika pale bila kuzijua. Sisemi uzidharau, nasema kama yeye aliweza kufika kwenye mekanika ya kwanta ndipo akajifunza matrisi, wewe unaweza kusubiri hadi muhula zinapofundishwa. Aljebra ya matrisi karibu kila mahali ni kozi ya hisabati ya mwaka wa kwanza au mwanzo wa wa pili, na fizikia huidai kwa nguvu baada ya hapo. Hapo hakuna shimo.

Chukua kitu kimoja tu huko: determinanti ya tatu kwa tatu, kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kukokotoa zao la msalaba. Ni kazi ya jioni moja.

Kwa waliofanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, matrisi za mbili kwa mbili mnazo tayari, na vekta mlizisoma kwa upande wa kuhamisha na kugawa mstari. Mlichokosa ni hizo zao mbili. Anzeni nazo, na msifanye kwa namba peke yake. Chukua bawaba za mlango na kitasa, onyesha kwa nini kusukuma karibu na bawaba hakufui dafu, kisha kiandike hicho kwa zao la msalaba.

Milinganyo difrenshali au namba changamano?

Watu hudhani ni lazima kuchagua moja, ila hapa jibu liko kwenye mpangilio: milinganyo kwanza, namba changamano baadaye kidogo, na kwa kiasi.

Fizikia ni milinganyo difrenshali tangu sheria ya pili ya Newton. Mchapuko ni difrensiesheni ya pili ya mahali, basi kila unapoandika F = ma umeandika mlinganyo difrenshali, hata kama sekondari ulikuwa hujaambiwa.

Anza na ule mwepesi kuliko yote: kasi ya kupungua kwa kitu inalingana na kiasi kilichopo. Kapasita ya mikrofaradi 1000 imejazwa chaji kwa betri ya volti 9, kisha inaachwa imwage chaji kupitia rizista ya kiloomu 10. Zidisha hizo mbili, unapata sekunde 10. Baada ya sekunde 10 volti zimebaki 3.3, baada ya 20 zimebaki 1.2, baada ya 30 zimebaki chini ya nusu volti. Kila sekunde 10 inabaki asilimia 37 ya kilichokuwepo. Mlinganyo huo huo ndio wa mionzi inayofifia na wa chai inayopoa mezani. Ukiujua kwa kutenganisha vigeu, pande mbili, integresheni kila upande, umejua sura nyingi za fizikia kwa mpigo.

Wa pili ni wa springi: m x″ = −kx. Usitafute mbinu kubwa. Jiulize ni fomula gani ukiifanyia difrensiesheni mara mbili inarudi yenyewe ikiwa na alama ya kutoa. Ni sin na cos. Basi x = A cos(ωt + φ), na ω ni kipeuo cha pili cha k/m. Ongeza msuguano kidogo uone unavyoharibu. Ukitoka hapo una kiini cha mawimbi, sauti, saketi za umeme wa kupishana, hata molekuli zinavyotetemeka.

Msuguano ukiingia ndipo namba changamano zinapoonyesha kazi yake. Euler alichapisha mwaka 1748 kwamba e^(iθ) = cos θ + i sin θ. Kwa hiyo badala ya kuhangaika na sin na cos zinazobadilishana kila ukifanya difrensiesheni, unaandika e^(iωt), ambayo difrensiesheni yake ni kuzidisha kwa iω basi. Kalkulasi imegeuka aljebra. Soma namba changamano hadi hapo: kujumlisha, kuzidisha, umbo la pembe na urefu, fomula ya Euler. Waliosoma Advanced Mathematics wanayo tayari, warudie siku mbili. KCSE hamkukutana nayo, jipeni wiki. Integresheni za njia kwenye namba changamano ni nzuri kwelikweli, lakini huko ni mbali.

Mfululizo wa Taylor au uthibitisho?

Wapo wanaoshauri kwamba kabla ya chuo ujifunze uthibitisho, uzoee epsiloni na delta, ile lugha kali ya kufafanua limiti. Kwa anayekwenda hisabati, sawa. Kwa fizikia, epsiloni na delta zitakukuta kwenye kozi ya kalkulasi, utazifanyia mtihani, na mwalimu wa umekanika hatazitaja kamwe.

Mfululizo wa Taylor, yaani kuiandika fomula kama jumla ya vipeo vya x, ni kinyume chake kabisa. Kwenye hisabati huja mwishoni mwa kalkulasi, mara nyingine kwa haraka. Kwenye fizikia unatumika tangu pendulamu ya mwezi wa kwanza, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyozidi. Chukua nishati ya mwendo kwenye rilativiti: mc² ikizidishwa na (γ − 1), ambapo γ ni 1/√(1 − v²/c²). Inatisha. Panua kwa v ndogo, γ ni takribani 1 + v²/2c², na ukizidisha unabaki na ½mv². Fomula ya sekondari imetoka ndani ya Einstein. Na kilichofanya kazi ni upanuzi wa binomia unaoujua, ila kwa kipeo cha nusu hasi.

Hili ni shimo pana na la bei nafuu. Shika mifululizo mitano kwa moyo: sin, cos, e^x, ln(1 + x) na (1 + x)^n. Kisha jizoeze kuuliza: kipi hapa ni kidogo?

Na kalkulasi ya vigeu vingi?

Hapa kigezo changu kinapiga kelele, kwa sababu ndipo fizikia inapoitangulia hisabati kwa muda mrefu kuliko kote. Lakini mada yenyewe ni nzito kwa mtu anayesoma peke yake, kwa hiyo chagua vipande.

Difrensiesheni ya kigeu kimoja huku vingine vimeshikiliwa ni jambo la mchana mmoja kwa anayejua ile ya kawaida, na utaihitaji maabara mapema: makosa ya vipimo vya urefu na muda yanaingiaje kwenye thamani ya g? Isome. Kwenye integresheni, jua tu kwamba kipande cha eneo katika duara ni r dr dθ, na cha ujazo katika tufe ni r² sin θ dr dθ dφ, na uchore picha inayokuonyesha r ile ya ziada inatoka wapi. Jithibitishie kwa kupata ujazo wa tufe, 4πR³/3. Nadharia za Gauss na Stokes waachie walimu.

Takwimu au programu?

Takwimu: wastani, mkengeuko sanifu, na kwamba kosa la wastani hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo, hivyo ukitaka kulipunguza nusu upime mara nne. Inatosha.

Programu ni nzuri zaidi kuliko takwimu, ila ni ya aliyemaliza yaliyo juu, au aliyechoka. Python inafanya kazi hata kwenye simu, na zoezi moja linalolipa ni la mpira unaoanguka kwenye hewa: gawa muda vipande vidogo, kila kipande ongeza kasi kidogo, sogeza mahali kidogo, rudia. Utaona kasi inapanda kisha inatulia, na utakuwa umetatua mlinganyo difrenshali bila kalamu.

Kwa jicho moja, hivi ndivyo zinavyokaa:

| Mada | Fizikia huidai | Hisabati ya chuo huifikia | Uamuzi |
|---|---|---|---|
| Aljebra ya herufi, trigonometria, logi | siku ya kwanza | hairudii | ya kwanza, bila mjadala |
| Integresheni kwa kukata | wiki za mwanzo | haifundishi hivyo | ya kwanza pia |
| Vekta, zao la nukta na la msalaba | muhula wa kwanza | inachelewa | soma |
| Milinganyo difrenshali miwili ile | muhula wa kwanza | mwaka wa pili, mara nyingi | soma |
| Taylor | muhula wa kwanza | mwisho wa kalkulasi | mitano tu |
| Vigeu vingi | mwaka wa kwanza | mwaka wa pili, mara nyingi | vipande |
| Namba changamano | mawimbi na umeme wa kupishana | hutofautiana | hadi Euler |
| Matrisi | mwaka wa pili na kuendelea | mapema | acha |
| Uthibitisho | nadra | mapema | acha |

Usiichukue jedwali hii kama sheria. Vyuo vinatofautiana, na vingi huweka muhtasari wa kozi kwenye tovuti yao. Pakua wa fizikia na wa hisabati, viweke kando kwa kando, uchore mistari: hiki kinahitajika wiki ipi, kinafundishwa wiki ipi. Kama hakuna mtandaoni, mtafute wa mwaka wa pili akupe madesa (notisi) yake ya mwaka wa kwanza, yana tarehe. Ni kazi ya saa mbili na inaweza kubadilisha mpango wako wote. Wapo watakaokuta kwamba idara ya fizikia ina kozi yake ya mbinu za hisabati muhula wa kwanza. Huyo apunguze milinganyo na aongeze aljebra.

Sasa kugawa muda. Aliyetoka PCM au PGM (fizikia, jiografia na hisabati) akiwa na wiki nane: mbili za aljebra ya herufi na trigonometria, mbili za kukata, moja ya vekta, mbili za milinganyo na namba changamano pamoja, moja ya Taylor. Wa BAM achukue wiki nne nzima za kalkulasi na aljebra zikiwa zimechanganywa, wiki mbili za vekta, mbili za mlinganyo ule wa kapasita na ule wa springi. Taylor ataikuta njiani. Ndugu zetu wa Uganda waliosoma Sub-Math wafuate njia hii hii.

Kenya hali ni nyingine. KCSE huisha Novemba na chuo huanza karibu Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata, kwa hiyo muda mnao mwingi, lakini kalkulasi yenu iliishia kwenye vipeo vya x: hakuna difrensiesheni ya sin x, wala e^x, wala kanuni ya mnyororo. Msirukie milinganyo. Miezi mitatu ya kalkulasi taratibu, kwa trigonometria na eksponensha, ndiyo yenye faida kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa huu. Bando likiruhusu, Khan Academy na MIT OpenCourseWare ni bure, ila pakua maswali kuliko video. Video inakupa hisia ya kuelewa hata pale ambapo kalamu haijasogea.

Na mwenye wiki tatu, aliyerudi JKT juzi na begi halijafunguliwa? Wiki ya kwanza aljebra na trigonometria, ya pili kukata, ya tatu vekta. Kabla ya kufungua ya pili, jipe lile swali la jiwe na mlima kwenye karatasi tupu, bila kutazama, kuanzia milinganyo ya mwendo hadi 45° + α/2. Likikugomea kwa zaidi ya nusu saa, baki kwenye wiki ya kwanza hata kama vekta zitakosa nafasi.